Siku moja maishani mwangu: kuzipa MBean majina yanayodumu

Saa 2:30 asubuhi

Siku inaanza kwa kukagua msimbo wa huduma inayotaka kuonyesha foleni zake kupitia JMX, njia ya Java ya kufuatilia na kusimamia programu ikiwa inaendelea kufanya kazi. Kitu kinachoonyeshwa kwa njia hiyo huitwa MBean. Kitu cha kwanza ninachokitazama ni jina la kiolesura (interface). Klasi ikiitwa Foleni, kiolesura chake ni FoleniMBean, kiwe public na kikae kwenye kifurushi kilekile. Ukiandika FoleniMbean, kwa b ndogo, usajili unagoma kwa NotCompliantMBeanException. Kama data itasomwa kutoka mashine nyingine, nashauri FoleniMXBean (MXBean ni aina nyingine ya MBean): msomaji wa mbali hahitaji klasi zako, na klasi inayotekeleza inaweza kuitwa jina lolote.

Kisha sifa, yaani thamani za MBean zinazoweza kusomwa. getUrefu() inazaa sifa iitwayo Urefu. isImesimama() inakuwa sifa ikirudisha boolean ya kawaida tu. Ikirudisha Boolean yenye B kubwa inageuka operesheni, yaani kitendo cha kuitwa, na mtu wa zamu ataitafuta kwenye orodha ya sifa asiione. Ukiweka is na get za sifa moja kwa pamoja, MBean nzima inakataliwa.

Saa 4:00

Sasa jina lenyewe, ambalo ndilo mkataba kati yetu na watakaoisimamia programu:

com.mfano.ofisi:type=Foleni,name=risiti

Kabla ya nukta mbili ni kikoa. Kianze na jina la taasisi lililogeuzwa, kama vifurushi vya Java, ili programu mbili ndani ya JVM moja (mashine pepe inayoendesha programu za Java) zisigongane. Ufunguo type uwepo kila mara, thamani yake ikiwa jina fupi la klasi. Kama kitu ni kimoja tu, type inatosha: java.lang:type=Memory ni mfano mzuri. Vikiwa vingi, ongeza name.

Mpangilio wa funguo ndipo timu nyingi hujikwaa. Kwa seva ya MBean, inayotunza majina yaliyosajiliwa, type=Foleni,name=risiti na name=risiti,type=Foleni ni jina moja. Lakini jconsole, chombo cha Java cha kutazama MBean, huchora mti wake kwa kufuata mpangilio ulioandikwa wakati wa kuunda jina, hivyo mpangilio ukitofautiana, foleni za aina moja zinatawanyika kwenye matawi tofauti. Suluhisho ni kuwa na mbinu moja tu inayotengeneza majina, kila mtu aiite hiyo.

Saa 6:15 mchana

Foleni mpya inachukua jina lake kutoka kwenye anwani: jms:risiti?kipaumbele=1. Nukta mbili, alama ya kuuliza na alama ya usawa zote zina kazi maalumu ndani ya ObjectName (jina la MBean), sawa na koma, nyota na alama za kunukuu. Dawa ni ObjectName.quote(). Tahadhari: alama za kunukuu zinakuwa sehemu ya thamani. Ndiyo maana kwenye Tomcat, seva ya programu za wavuti za Java, unatafuta Catalina:type=ThreadPool,name="http-nio-8080"; ukiziacha hupati kitu. Kwa maoni yangu, ni bora kuchagua jina fupi safi na kuiweka anwani kamili kama sifa.

Saa 8:00

Programu imepakiwa upya bila kuzima JVM, na usajili unatupa InstanceAlreadyExistsException. MBean ya zamani haikuondolewa. Usilitatue kwa kubandika namba nasibu mwishoni mwa jina. Ita unregisterMBean wakati wa kufunga.

Saa 9:30 alasiri

Kuna ombi la kubadili type=Foleni kuwa type=FoleniYaKazi. Hapa ninakuwa mkali. queryNames, mbinu ya kutafuta majina ya MBean, ikitafuta jina lisilokuwepo hairudishi kosa, inarudisha seti tupu. Grafu inanyamaza, na kengele iliyowekwa kulia urefu ukizidi 1000 haitalia tena. Vilevile type=Foleni peke yake hailingani na type=Foleni,name=risiti; lazima iandikwe type=Foleni,*.

Kama mabadiliko hayaepukiki, majina yote mawili yaishi pamoja kwa toleo moja. MBean ya kawaida inaruhusu kitu kimoja kusajiliwa kwa majina mawili. MXBean kwa chaguo-msingi haikubali, kwa hiyo unda kitu cha pili kinachosoma data ileile. Kisha weka kengele inayolia pale utafutaji unapoleta seti tupu, na uijaribu kwa kuiondoa MBean moja kwa makusudi kwenye seva ya majaribio.