Nilivyochagua oili ya giaboksi na ya haidroliki kwa foklifti iliyotumika

Foklifti tuliyonunua kwa ajili ya ghala letu la Dar es Salaam, Toyota 7FD25 ya dizeli yenye uwezo wa tani 2.5, ilitoka Japani bila kitabu wala kumbukumbu ya matengenezo, na fundi wa kwanza akashauri tujaze oili ya haidroliki kila mahali. Sikukubali. Ndani ya giaboksi yenye toki konveta (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kupitia oili) kuna klachi zinazofanya kazi zikiwa zimezama kwenye oili, nazo hutegemea viambato vya msuguano ambavyo oili ya haidroliki haina.

Nilinakili modeli na namba ya fremu kutoka kwenye kibao cha mashine, nikamwomba muuza vipuri kurasa za vilainishi za modeli hiyohiyo. Giaboksi ilihitaji ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki, ya aina ya Dexron II, na haidroliki ilihitaji oili ya daraja la mnato (uzito wa kutiririka) ISO VG 32.

Kwenye ATF niliangalia zaidi ya jina. General Motors, kampuni yenye jina la Dexron, iliacha kutoa leseni za Dexron III, toleo lililofuata Dexron II, mwishoni mwa mwaka 2006, hivyo jina hilo kwenye galoni ya leo ni dai la kiwanda chenyewe, na kwa maoni yangu oili isiyo na karatasi ya vipimo haifai kununuliwa hata ikiwa na rangi nyekundu ya ATF kiasi gani.

Mjadala mkubwa ulikuwa wa haidroliki, kwa sababu muuzaji alisisitiza VG 68 kutokana na joto letu. Namba hiyo hupima mnato kwenye nyuzi joto 40 za Selsiasi: oili nzito mno huipa pampu shida ya kuvuta, hasa asubuhi, na nyepesi mno huvuja kupita sili ikipata moto. Nilimwomba dereva ainue mzigo mwishoni mwa zamu, mashine ikiwa imechemka. Uma ulipanda kwa kasi yake ya kawaida na mlingoti haukushuka wenyewe, basi nikabaki na VG 32 yenye viambato vya kuzuia kulika.

Kwa kuwa toki konveta haimwagiki yote, tulijaza ATF mpya, tukaiendesha mashine kwa muda, kisha tukaimwaga na kujaza tena. Breki zilipata DOT 3, yaani maji maalumu ya breki, peke yake, kwa kuwa oili ya madini kama hizo nyingine huvimbisha mipira yake.