Nilivyobaini kuwa sahihi kwenye mchoro wa babu iliongezwa baadaye

Jamani, msipanguse mchoro wa zamani kwa mafuta ya taa! Ushauri huo nilipewa na fundi fremu hapahapa Mwanza, eti sahihi ing'ae. Mwingine akasema spiriti. Vyote viwili vinaweza kuondoka na rangi yenyewe. Vumbi linatolewa kwa brashi laini, kavu, basi.

Mchoro ni wa chui, kwenye hadibodi ya mraba (ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), na kwenye kona umeandikwa E. S. TINGATINGA. Babu aliununua Dar, ukakaa miaka yote sebuleni kwake Kirumba. Ndugu zangu walishapata mnunuzi, kinatajwa kitu cha mamilioni. Nikawaomba wasubiri.

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake, alianza kuchora mwaka 1968 na akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kwa hiyo kazi zake halisi ni za miaka hiyo michache. Alitumia hadibodi na rangi za baiskeli. Nikageuza mchoro: nyuma pana alama za wavu, kama hadibodi za zamani, tofauti na MDF, ubao wa kisasa wa nyuzi za mbao, ambayo ni laini pande zote. Nilifurahi, lakini hiyo haikutosha. Wanafunzi wake waliendelea na ubao uleule baada ya yeye kufariki.

Jibu lilitoka kwenye tochi ya simu. Usiku nilizima taa, nikavuta mapazia, nikailaza tochi ubavuni mwa mchoro ili mwanga upite juu ya rangi kwa mshazari. Ukimulika kwa mbele huoni kitu. Kwa ubavuni, kila mpako wa brashi unainuka, hata madoa ya chui yana kingo. Nikaona nyufa nyembamba zinashuka kutoka mkiani hadi kwenye sahihi. Nikaazima lenzi ya fundi saa. Herufi zingekuwa za siku moja na chui, ufa ungezipasua nazo. Hazikupasuka. Rangi nyeupe ya T ya pili imeingia ndani ya ufa na kuuziba. Ufa ulitangulia, jina likafuata!

Nikampelekea shangazi. Akatoa albamu, picha ya harusi yake: chui yuko ukutani nyuma ya maharusi, na ile kona haina maandishi yoyote.

"Baba alimpenda tu huyo chui," akasema. "Habari za jina nazisikia kwenu, mwanangu."

Mnunuzi nilimweleza yote na kumwonyesha ile T. Alijitoa, na kaka yangu mkubwa bado amenuna. Sikubali jina la marehemu liuzwe kwa uongo. Chui amechorwa kwa mkono, ni wa zamani, na nimeshapiga picha mbele, nyuma na kwenye nyufa ili wachoraji wazee wa Dar wanisaidie kumtambua aliyemchora. Sahihi sijaigusa, hiyo ni kazi ya mtaalamu.