Geji Inasoma 40, Maji Hayafiki

Ile ndege ya Cessna Caravan ililetwa kuoshwa kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa, kwa sababu ITT yake, yaani joto la gesi kati ya turbini, ilikuwa inapanda polepole. Torki (nguvu ya kuzungusha) ileile, mwinuko uleule, joto la nje lilelile, lakini kadiri wiki zilivyopita ITT ilisoma juu zaidi na mafuta yaliliwa zaidi. Hakukuwa na kilichovunjika. Ndege ilikuwa ikiruka chini chini juu ya bahari na kutua kwenye viwanja vya vumbi, na hayo mawili yakikutana huwa mabaya kuliko kila moja peke yake: chumvi inashika unyevu, unyevu unashika vumbi, na ukungu wa oili unavigandisha vyote kwenye bledi.

Injini yake ni PT6A-114A. Hewa inaingia kwa nyuma kupitia wavu, inapita hatua 3 za bledi zinazoisukuma kufuata shafti, kisha impela 1 inairusha pembeni kuelekea chumba cha mwako. Utando mwembamba wa uchafu ukikaa kwenye bledi hizo, umbo lake linaharibika, hewa inayopita inapungua, presha inashuka, na rubani inambidi asukume mkono wa nguvu mbele zaidi ili apate torki aliyoizoea. Mafuta yanaongezeka, joto linapanda. Chumvi ina ubaya wa pili: sodiamu yake ikikutana na salfa ya mafuta kwenye joto kali hutengeneza sodiamu salfeti, nayo inazila bledi za turbini. Ndiyo maana ndege za pwani huoshwa kwa maji matupu mara kwa mara, hata kila siku, na sabuni ikaachiwa siku nguvu inapoonekana kushuka.

Mtambo tulioutumia ulikuwa wa kusukumwa kwa mkono, magurudumu mawili, matangi mawili ya chuma kisichoshika kutu, kila moja lita 40. Tangi moja la sabuni, jingine la maji ya kusuuzia, na hayabadilishwi kamwe. Tangi lililowahi kubeba sabuni likitumika kusuuzia, unarudisha ndani ya injini kile unachojaribu kukitoa. Hakuna pampu. Maji yanasukumwa na naitrojeni kavu kutoka kwenye silinda, kupitia regulata, na kila tangi lina valvu ya usalama. Kwenye njia ya kutokea kuna filta, kisha mpira wa mita kadhaa, kisha valvu ya mkono, kisha koplingi inayoingia kwenye pete ya kuoshea, yenye nozo za kurushia maji, iliyofungwa kuzunguka mdomo wa kompresa. Geji ilikuwa moja tu, juu ya tangi. Mtambo huu tuliupokea kutoka karakana nyingine ukiwa na kadi yake ya vipimo, na hiyo kadi ndiyo iliyokuja kutuokoa.

Naitrojeni si anasa. Hewa ya kompresa ya karakana inabeba oili na maji, na oili hiyo inaishia kwenye bledi uliyokuja kuisafisha. Maji nayo yawe yaliyoondolewa madini. Tuliyapima kwa kipima chumvi kabla ya kujaza tangi, kwa sababu maji ya bomba yenye chokaa yakikaukia ndani huacha doa jeupe ambalo ni uchafu mpya.

Kazi ya kwanza ilikwenda kwa utaratibu. Injini ilikuwa imezimwa zaidi ya dakika 40. Ukiiosha ya moto, chuma kinashtuka kwa baridi na sabuni inakauka kabla haijayeyusha kitu. Paipu ya P3 inayopeleka hewa iliyobanwa na kompresa kwenye kidhibiti mafuta ilifunguliwa, na pande zote mbili zikazibwa kwa vifuniko. Hapa sitanii na mtu. Maji yakiingia kwenye kidhibiti, siku ya pili injini inakataa kuongeza kasi au inashuka yenyewe, na utatafuta kosa kila mahali kabla ya kukumbuka kwamba ndege ilioshwa. Breka ya umeme wa ignisheni (cheche za kuwashia) ikavutwa, hewa ya kupashia kabini ikafungwa, mkono wa mafuta ukakaa kwenye kukata. Pampu ya umeme ya mafuta iliwashwa ingawa hatukuwa na nia ya kuwasha injini, kwa sababu pampu inayoendeshwa na injini inalainishwa na mafuta yenyewe. Ukiizungusha kavu unaiumiza.

Wakati wa kuosha, starta (mota ya kuwashia) inaizungusha injini bila kuiwasha, na maji yanaingizwa ikiwa inazunguka. Tulitumia umeme wa nje, na umeme wa nje una masharti makali kuliko betri. Kwa Caravan, ukiwa na betri ya ndege unaruhusiwa kuzungusha sekunde 30, kupumzika 60, tena 30, kupumzika 60, tena 30, kisha unangoja dakika 30. Ukiwa na umeme wa nje ni sekunde 20, kupumzika 120, tena 20, kupumzika 120, tena 20, kisha saa nzima. Umeme wa nje unaipa starta mkondo mkubwa na inachemka haraka. Kwa hiyo dirisha lako la kuingiza maji ni sekunde 20, na ndani ya hizo kuna sekunde ambazo injini bado inajikusanya kasi. Kila kitu kwenye mtambo wa kuoshea kinapaswa kupimwa kwa dirisha hilo: ndani ya sekunde 20, ni lita ngapi zinafika kwenye bledi?

Sabuni yetu ilikuwa ya aina inayochanganywa lita 1 kwa lita 4 za maji. Mzunguko mmoja wa sabuni, kisha kuiacha ilowe kwa dakika 20, kisha mizunguko miwili ya kusuuza. Niliyekuwa kwenye mtambo ni mimi, na fundi mkuu alikuwa kiti cha rubani. Kila mara aliuliza lile lile.

“Presha?”

“Arobaini, mzee.”

Sindano ilisimama kwenye psi 40 (pauni kwa inchi mraba) kabla ya kufungua valvu, ikabaki 40 valvu ikiwa wazi. Kwa macho ilikuwa kazi safi. Povu lilitoka kwenye bomba la kumwagia chini ya injini, likiwa na rangi ya chai, halafu likapauka. Baada ya saa ya starta kupumzika, P3 ikarudishwa na kufungwa kwa waya wa usalama, injini ikawashwa, ikakaushwa kwa dakika kadhaa, hewa ya kabini ikafunguliwa mwishoni ili maji yaliyojificha kwenye njia zake yatoke. Tukapima nguvu. ITT ilikuwa imeshuka nyuzi 4 tu.

Nyuzi 4 ni ndani ya kosa la kusoma kipimo. Injini iliyokaa muda wote ule kwenye chumvi na vumbi inatakiwa kurudisha zaidi. Wapo waliosema kwamba basi tatizo si uchafu, tufungue tuangalie sehemu ya moto. Ni hoja ya kusikilizwa, lakini kufungua sehemu ya moto ni kazi kubwa, na kabla ya kuilaumu injini unapaswa kuwa na hakika kwamba imeoshwa. Fundi mkuu hakubishana. Alisema, “Leteni ndoo.”

Kadi ya mtambo ilisema: presha ya tangi psi 40, mpira ukiwa umeunganishwa, valvu ya mkono wazi kabisa, sekunde 30, lita 4.5. Tukachukua ndoo yenye alama za lita, tukashika saa. Kilichoingia kilikuwa lita 1.8. Tukarudia, ikawa hivyohivyo, na muda wote sindano ya geji haikutikisika. Fanya hesabu ya dirisha la starta: kwa sekunde 20 tulitakiwa kupeleka lita 3, tukapeleka lita 1.2. Tena kwa mtiririko dhaifu namna ile, nozo za pete hazirushi, zinadondosha. Maji yanatambaa kwenye ukuta wa mdomo wa kompresa badala ya kupiga bledi.

Ukiona presha ipo na maji hayapo, kizuizi kiko baada ya geji. Hilo ni jambo jepesi kulisema, lakini geji nzuri inayosoma namba nzuri inamfanya mtu asifikirie zaidi. Tukaenda kipande kwa kipande. Kwanza unafunga silinda na kutoa presha yote kabla ya kugusa chochote. Kifuniko cha tangi lenye psi 40 kikifunguka kinaweza kumvunja mtu taya. Filta tulikuta safi. Tukafungua mpira kwenye mdomo wa tangi na kupima pale: maji yalijaa ndoo kwa kishindo. Tukarudisha mpira na kutoa valvu ya mkono: yakawa yaleyale machache. Basi ni mpira.

Lakini mpira ulipopulizwa hewa kutoka upande wa valvu, ulipita bila shida yoyote. Hapo kijana mmoja alikuwa tayari kuuachia. Mzee akaugeuza, akapuliza kutoka upande wa tangi, na hewa ikakwama, ikawa inatoka kwa kupumua. Mpira huo ulikuwa valvu ya njia moja, na njia ilikuwa ile isiyotufaa.

Tuliupasua kwa kisu kwa urefu. Karibu na koplingi ya upande wa tangi, tabaka la ndani lilikuwa limevimba na kuachana na nyuzi za kitambaa. Kipande chenye urefu wa kidole kilikuwa kimechanika upande mmoja kikabaki kimeshikilia upande wa pili, kama ulimi. Maji yakija kutoka kwenye tangi yanauinua ulimi na kuuziba mpira. Hewa ikija kinyume inaulaza. Ukiugusa ulikuwa laini, unaacha weusi kwenye kidole. Maandishi ya nje yalisema yenyewe: mpira wa hewa. Huko ulikotoka, mtu aliubadilisha ule wa asili kwa uliokuwepo, na raba ya mpira wa hewa haikutengenezwa kukaa na sabuni za injini, hasa zile zenye kiyeyusho cha jamii ya mafuta ya taa. Ikiachwa na sabuni ndani baada ya kazi, inavimba polepole hadi tabaka linaachia.

Kilichonitia wasiwasi zaidi si maji machache bali weusi ule. Makombo ya raba yalikuwa baada ya filta, hakuna cha kuyazuia mpaka kwenye nozo. Tulifungua kava, tukatoa pete, tukaipuliza kinyume juu ya kitambaa cheupe. Yalitoka makombo mawili, moja likiwa limekaa ndani ya nozo kabisa. Nozo tulizisafisha kwa kiyeyusho na hewa, bila sindano wala waya, maana tundu likipanuka hata kidogo mrusho unapinda. Kisha pete ikafungwa kwenye mtambo ikiwa nje ya injini, presha ikawekwa, na kila nozo ikaangaliwa kwa tochi: mrusho mpana, wa ukungu, unaofanana na wa jirani yake.

Mpira mpya ulikuwa wenye tabaka la ndani la tefloni na nyuzi za chuma kwa nje. Ndoo ikatoa lita 4.4, karibu kabisa na kadi. Tukaongeza na filta ndogo ya wavu mwishoni kabisa, kabla ya koplingi ya pete, na geji ya pili pembeni ya valvu ya mkono. Geji ya pili ndiyo inayosema ukweli: valvu ikiwa imefungwa geji zote mbili zinalingana, ikifunguliwa ya mbele inashuka kidogo. Ikishuka zaidi ya psi 10 chini ya ile ya tangi, kwenye mtambo wetu, kazi inasimama.

Kesho yake tuliosha upya kwa mpangilio uleule, saa zilezile za starta, mchanganyiko uleule. Tofauti ilionekana kabla hata ya kupima nguvu. Maji ya kwanza ya sabuni yaliyotoka chini hayakuwa rangi ya chai. Yalikuwa ya kijivu mazito, na yalipotulia kwenye trei yaliacha tope laini lenye kina cha kama kidole kimoja. Mizunguko miwili ya kusuuza haikutosha; baada ya saa ya mapumziko ya starta tulisuuza tena mpaka yakatoka meupe na hayana povu. Maji yote hayo yalikusanywa kwenye pipa, hayakumwagwa kwenye mtaro, kwa sababu yana oili, sabuni na chembe za metali kutoka kwenye injini. Mitambo mikubwa ya kuoshea injini inayobebwa kwenye magari, kama EcoPower ya Pratt & Whitney, inakusanya maji yake yenyewe na kuyachuja; mwenye toroli na matangi mawili anahitaji trei na nidhamu.

Baada ya kukausha tulipima kwa torki ileile na kusahihisha kwa joto la nje. ITT ilishuka nyuzi 18 chini ya ile ya kabla ya kazi yote, na mtiririko wa mafuta ukashuka nao. Sehemu ya moto haikufunguliwa.

Kadi ya mtambo imeongezwa mistari. Baada ya kila kazi ya sabuni, mpira husuuzwa kwa maji safi, hupulizwa naitrojeni mpaka ukauke, na hutundikwa ukiwa umenyooka. Mpira wowote ukibadilishwa, aina yake inaandikwa, na unapimwa kwa ndoo kabla haujafika karibu na ndege, maji yakienda upande wa injini.