Nyangumi na Jarife la Mjomba

Septemba 2014 nilikuwa likizo kwa mjomba, Msimbati, pwani ya Mtwara. Alfajiri tulitoka watatu kwenda kuopoa jarife, wavu mkubwa wa samaki, alilolitega usiku, nje kabisa ya ghuba ya Mnazi. Mjomba alishika usukani, baharia wake alikaa omo, mbele ya chombo, mimi kazi yangu kukumba maji.

Kusi lilikuwa limelala. Nilianza kuisikia pumzi, nzito, kama tairi la lori linalotolewa upepo. Mvuke ukapanda juu, shombo likatufikia. Kisha mgongo mweusi ukaibuka, ukapita, ukazidi kupita, nikadhani hauna mwisho. Ubavuni mwake kulikuwa na mtoto, rangi ya majivu, urefu wa mtumbwi.

Walikuwa wanayaelekea maboya yetu.

"Zima mashine," mjomba akasema. "Vuteni."

"Mjomba, jua halijatoka bado, samaki je?"

"Vuta, mwanangu."

Tukavuta kwa mikono, kamba ikinichubua vidole. Nusu ya jarife ilikuwa bado majini mtoto alipofika hatua kama kumi kutoka boya la mwisho. Mama akapinduka, akajiweka katikati. Nilimwona kidevu: kimejaa vinundu na magamba makali kama yale yanayoganda kwenye nguzo za gati. Mkia ukainuka, chini yake mweupe wenye mabaka meusi, ukazama bila kishindo.

Baadaye sana nilisoma kwamba nyangumi hawa hutoka Antaktika, kwenye milima ya barafu inayoelea, wanakoshiba krili, jamaa ya uduvi wetu. Huja huku maelfu ya kilomita kuzaa, kwa kuwa mtoto huzaliwa na mafuta machache mwilini na maji ya kule yangemtesa. Na mama hukaa miezi karibu bila kula, huku ananyonyesha! Hilo liliniuma kuliko yote. Mimi barafu niliyoijua ni mapande ya kulazia samaki sokoni. Yule mama alikuwa ameyapita mapande makubwa kuliko msikiti wetu, ili aje ajifungue mbele ya nyavu zetu.

Tuliambulia jodari wawili na taa mmoja. Pwani wachuuzi walishangaa, wakamuuliza mjomba kulikoni, mbona jarife limetoka mapema.

"Tumempisha mzazi," akawajibu, akaanza kulianika.