Kitambaa cha Mteja

Wiki hii tumemzika shangazi wa Machakos na mwenye nyumba amepandisha kodi, lakini kinachoninyima usingizi ni swali la binti yangu Mwende.

Ilikuwa Jumapili jioni, anakata sukuma wiki, mimi nimenyoosha miguu. Redio ikataja uchaguzi wa 2027. Nikaropoka kwamba miaka mitano kati ya uchaguzi na uchaguzi ni michache, na ule muswada uliokataliwa, wa kuongeza muhula wa rais na wabunge uwe miaka saba, wangeupitisha tu tupumue. Hakuinua hata macho.

"Mama, mteja akikuletea kitambaa ukakiharibu, utamwambia akuachie miaka miwili zaidi?"

Baba yake alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi nikasema, "Kata sukuma nyembamba." Hilo ndilo jibu nililopata!

Tangu hapo nashona huku nabishana naye kichwani. Pindo la sketi moja nimelifumua mara mbili. Namwambia, 2017 ulikuwa mtoto, hukuona. Tulipiga kura Agosti 8, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais Septemba 1, tukarudi tena Oktoba 26. Wateja wamekimbilia ushago, vijijini kwao, kwa sababu kila mtu anakumbuka ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, nguo zao zinaning'inia hazijalipiwa, cherehani nimeifunika shuka, na kodi ya kibanda haingojei matokeo. Halafu namsikia akiniuliza, "Sasa tatizo ni kura, ama ni hofu?" Hajawahi kusema hivyo. Nimemsemea mwenyewe, na bado amenishinda.

Jana akaniletea simu nisome: Wafaransa walikuwa na rais wa miaka saba, mwaka 2000 wakapiga kura ya maoni kuipunguza iwe mitano. Nikamwambia hao hawana kibanda Kawangware, huku mtaani kwetu Nairobi.

"Sawa. Cheti changu cha kuzaliwa kiko wapi? Nataka kuchukua kitambulisho."

Kilikuwa chini kabisa ya sanduku, kimekunjwa ndani ya kigauni nilichomshonea kwa vipande vya wateja, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Jumanne ya pili ya Agosti tutapanga foleni wawili, na najua hatanionyesha anampigia nani.

Baba Mwende anakohoa tangu turudi mazishini. Anasema ni vumbi la barabarani. Leo ni siku ya nne.