Saa tano ya nani? Kushughulikia malalamiko ya kelele za ndege

Mama mmoja anapiga simu kutoka Katabi, karibu na uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda: ndege imepita juu ya nyumba saa tano, watoto wote wameamka. Karani anaandika 5:00 kwenye fomu. Ofisa wa kelele wa uwanja anatafuta ndege ya saa kumi na moja alfajiri, haioni, anajibu kwamba wakati huo hakuna ndege iliyopita. Kumbe mama alisema saa tano usiku, yaani 23:00. Kwenye rekodi za mnara wa kuongozea ndege, safari hiyo hiyo imeandikwa 20:00, kwa kuwa usafiri wa anga hutumia saa za UTC, yaani saa moja ya pamoja kwa dunia nzima, na Uganda iko mbele kwa saa tatu. Lalamiko moja, saa tatu tofauti. Na mtu aliyeambiwa kwamba ndege iliyomwamsha haikuwepo hapigi simu tena, anakwenda redioni.

Ndiyo maana naanza na saa kabla ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Malalamiko mengi huharibikia kwenye fomu, mapema kuliko yanavyoharibikia kwenye njia za ndege. Waganda wengi, wawe wanasema Kiswahili au Luganda, huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Fomu iwe na nafasi ya maneno: "saa nane na dakika kumi na mbili usiku, kuamkia Jumatano". Ofisa ndiye abadilishe kuwa 02:12 Jumatano, kisha 23:12 UTC Jumanne. Angalia tarehe: kila tukio la kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku huangukia siku iliyotangulia kwenye kumbukumbu za UTC. Asiyelijua hilo atafungua ukurasa usio wake kila mara.

Baada ya saa, uliza mahali. Jina la mji halitoshi. Andika kijiji, parokia ya kiutawala, na alama inayojulikana: nyuma ya shule fulani, karibu na ofisi ya LC1, yaani baraza la kijiji. Uliza kama mtu alikuwa ndani au nje, kama aliiona ndege au aliisikia tu, kama ilikuwa ya propela, jeti au helikopta, ilielekea ziwani au ilitoka ziwani, na sauti ilidumu kwa muda gani. Swali la mwisho ndilo linalofichua mengi. Ndege inayopita husikika kwa nusu dakika hadi dakika moja hivi. Mtu akisema "ilinguruma robo saa", hiyo haikuwa ikiruka. Ama mafundi walikuwa wakijaribu injini baada ya matengenezo, ama ndege imeegeshwa huku injini yake ndogo ya mkiani ikizalisha umeme. Kelele za chini kama hizo ndizo rahisi kuliko zote kuzipunguza: kupanga majaribio ya injini mchana tu, kuigeuza ndege ili upande wenye kelele usielekee makazi, kuleta jenereta ya uwanjani au umeme wa nguzo badala ya injini ya mkiani. Hayahitaji ruhusa ya mtu yeyote nje ya uwanja, na matokeo yake majirani huyasikia wiki hiyo hiyo.

Sasa njia za ndege. Entebbe ina barabara mbili za kurukia: ile kuu, 17/35, yenye urefu wa mita 3,658, na fupi, 12/30, ya mita 2,408. Mwisho wa kusini wa ile kuu unatazama Ziwa Victoria. Kwa masikio ya majirani, mpango mzuri kabisa ungekuwa kupaa kuelekea ziwani na kutua kutokea ziwani, wakati wote. Upepo ndio unaokataa. Mchana ardhi hupata joto na upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Ndege hupaa na kutua zikiukabili upepo, basi zinapaa kwenda ziwani, lakini zinakuja kutua zikipita juu ya nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka bara kwenda majini, na ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu huweza kulazimika kupaa kuelekea kaskazini, wakati ambao watu wamelala.

Hapo ndipo ofisa wa kelele anapoweza kuketi na waongoza ndege wakapata kitu. Mwongozo wa ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, unasema barabara isichaguliwe kwa ajili ya kelele pale upepo wa nyuma, pamoja na dharuba zake, unapozidi noti 5 (kilomita 9 hivi kwa saa), au wa ubavuni unapozidi noti 15. Chini ya hapo kuna nafasi. Upepo wa usiku mara nyingi ni mwepesi, hivyo ndege inaweza kupaa kwenda ziwani ukiwa nyuma yake kidogo, mradi barabara ni kavu na rubani ameridhika na hesabu ya uzito wake. Neno la mwisho ni la rubani. Na ikiwa ndege moja inapaa kwenda kusini na nyingine inakuja kutoka kusini, lazima zitenganishwe kwa muda, ndiyo maana mpango huo hufaa saa ambazo ndege ni chache. Usimwahidi mwananchi kwamba "usiku ndege zitapita ziwani". Mwambie zitapita ziwani upepo ukiruhusu, kisha kila mwezi mwonyeshe ni usiku ngapi upepo uliruhusu.

Upaaji wenyewe una namna mbili zinazotambulika. Ya kwanza, rubani hupunguza nguvu ya injini kuanzia mita 240 hivi, akaendelea kupanda kwa mwendo mdogo hadi mita 900 ndipo aongeze kasi na kurudisha flapi, vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyosaidia kupaa. Huwasaidia walio karibu na uwanja. Ya pili, anaanza kuongeza kasi na kurudisha flapi mapema, na wanaofaidika ni walio mbali zaidi. Huwezi kuwapa wote nafuu kwa mkupuo mmoja. Anayeomba namna ya kwanza kwa ajili ya kijiji cha jirani ajue anakihamishia kijiji cha mbele sehemu ya kelele, na wazee wa huko waitwe kwenye baraza kabla ya uamuzi.

Kuhusu ndege zinazotua, lalamiko la kawaida ni "ilipita chini mno". Hili lina hesabu. Mteremko wa kutua wa nyuzi 3 hushuka mita 52 kwa kila kilomita, na ndege huvuka mwanzo wa barabara ikiwa kwenye mita 15 hivi. Kwa hiyo kilomita 5 kabla ya barabara inatakiwa kuwa karibu mita 275 juu ya usawa wa uwanja. Kilomita 2 kabla, mita 120. Kama nyumba iko mlimani, toa tofauti ya mwinuko. Chora mchoro huo mmoja, weka majina ya vijiji chini ya mstari, ubandike kwenye ofisi ya LC1. Mara nyingi mtu ataona ndege ilikuwa mahali pake. Na siku ambayo haikuwa, mchoro huo utakulazimisha wewe kumuuliza mwenye ndege.

Waomba ndege zipande juu zaidi wanastahili ukweli pia. Kelele hupungua desibeli 6 hivi umbali unapoongezeka maradufu. Kutoka mita 300 kwenda 600 sikio linapata nafuu. Kutoka 300 kwenda 330 ni chini ya desibeli 1, na hakuna atakayeihisi. Entebbe yenyewe iko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari, na alasiri yenye joto hewa ni nyepesi, injini na mabawa hupata nguvu pungufu, ndege inapanda polepole. Ndege nzito ya saa nane mchana itapita chini kidogo kuliko ile ile ya alfajiri bila rubani kukosea lolote. Na kwa nini ya usiku huonekana kubwa zaidi? Kwanza kuna kimya. Pili, usiku hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, na sauti badala ya kupotelea angani hupindwa kurudi chini. Juu ya maji tulivu husafiri mbali zaidi. Anayesema anasikia uwanja mzima kutoka ng'ambo ya ghuba anasema kweli.

Kupima kunataka uvumilivu. Programu ya simu hutoa dokezo tu. Kipimo kiwe cha daraja la 1, lenye usahihi mkubwa, kirekebishwe kwa kifaa kinachotoa sauti ya desibeli 94 kabla na baada, kiwe mita 1.2 hadi 1.5 kutoka chini na angalau mita 3.5 kutoka ukutani, kwa kuwa ukuta hurudisha sauti na kuongeza namba. Upepo ukizidi mita 5 kwa sekunde, tupa data. Mvua juu ya mabati, vivyo hivyo. Kaa angalau siku saba ili uone pande zote mbili za barabara zikitumika, na andika kila kitu kingine: boda boda, jenereta, baa, mkesha wa kanisa. Usipoandika, mtu mwingine atakuja kusema kelele yote ilikuwa ya baa.

Kisha usijifiche nyuma ya wastani. Chukua usiku wa saa 8 wenye ndege 10, kila moja ikiwa na nishati ya sauti ya desibeli 90 ikikusanywa kwenye sekunde moja. Wastani wa usiku mzima ni desibeli 55 hivi. Punguza ndege ziwe 5, wastani unashuka kwa 3 tu, ingawa watu wameamshwa mara 5 badala ya 10. Kwa hiyo ripoti itoe vitu vitatu: wastani, kilele cha kila ndege, na idadi. Wakazi watakuja na kanuni za kelele za Uganda za mwaka 2003, zilizoweka desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa makazi. Wengine watataja Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2018, katika mwongozo wake kwa Ulaya, lilipendekeza kelele za ndege usiku zisizidi 40. Weka namba hizo kwenye jedwali moja na vipimo vyako. Ukianza kwa kubishana kama kanuni inaihusu ndege au haiihusu, kikao kimekufa.

Jibu lenyewe liwe fupi na la mtu huyo. Thibitisha kupokea ndani ya siku mbili za kazi, jibu ndani ya kumi. Mfano: "Nnyabo, asante kwa kutuarifu. Ndege uliyoisikia usiku wa kuamkia Jumatano saa nane na dakika kumi na mbili ilikuwa ya mizigo. Ilipaa kuelekea kaskazini kwa kuwa kuelekea ziwani upepo wa nyuma ungekuwa noti 8, juu ya noti 5 za mwongozo. Ilifuata njia yake. Usiku huo ilikuwa pekee iliyopaa upande huo." Kama haikufuata njia, sema hivyo, na sema umemwandikia nani. Kama ni ndege ya jeshi au ya serikali, sema kwamba uwanja wa kiraia hauiamrishi, na kwamba lalamiko limepelekwa kwa wenye nayo. Sentensi mbili zisiandikwe kamwe: "ndege zote hufuata kanuni za kimataifa" na "ulijenga ukijua kuna uwanja". Ya kwanza haijibu kitu, ya pili ni tusi kwa mzee ambaye kibanja chake kinaweza kuwa kimetangulia uwanja.

Hesabu malalamiko na walalamikaji kando kando. Simu 60 zinaweza kutoka nyumba mbili. Nyumba hizo mbili zisipuuzwe, na kijiji kisichopiga simu kisidhaniwe kimeridhika. Huenda hawana muda wa maongezi au hawajui namba. Tembelea baraza la LC1 mara moja kila miezi mitatu.

Viwanja vidogo vina shida yake. Kajjansi, na Soroti ambako kuna chuo cha urubani tangu 1971, kero si ukubwa wa sauti bali kurudiarudia: ndege ndogo ile ile inazunguka, inagusa barabara, inapaa tena, kila dakika chache. Dawa ni kupanga: idadi ya mizunguko kwa saa, mapumziko mchana, kubadilisha upande wa mzunguko mwinuko wa ardhi ukiruhusu, na kwa ndege zenye propela inayorekebishwa, kupunguza kasi ya propela kuzunguka mara baada ya kufika kimo salama, maana ncha za propela ndizo zinazopiga yowe. Kelele ya Cessna Caravan inayopanda na propela ikizunguka mara 1,900 kwa dakika inapungua vizuri ikishushwa. Pia chukua mapema ratiba ya mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ni ya siku mbili tu. Chuo cha urubani kinaweza kuhamisha mizunguko isiwe saa hizo bila kupoteza chochote.

Nyumbani, miti haizuii sauti inayotoka juu, na ukuta husaidia dhidi ya kelele za chini peke yake. Penye kazi ni darini na kwenye matundu. Bati tupu linapitisha karibu kila kitu. Dari ya jasi yenye sufi ya kuzuia sauti juu yake hubadilisha chumba. Vioo vya luva havizibi hata vikifungwa, bora dirisha la fremu lenye mpira pembeni. Dirisha lililo wazi hupunguza desibeli 10 hadi 15, lililofungwa vizuri 20 au zaidi. Tundu la hewa lisizibwe kabisa, litengenezewe njia yenye kona ili hewa ipite na sauti ipotee njiani. Anza na chumba kimoja cha kulala, cha watoto.

Na anayetaka kununua kiwanja cha futi 50 kwa 100 karibu na uwanja asiende siku moja na dalali. Aende mara tatu: alfajiri, alasiri, na kati ya saa nne na saa tisa usiku. Asimame hapo saa nzima, akiuliza upepo unatoka wapi.