Mita Kumi za Ziada

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma hili nilikuwa natafuta cheti kwenye droo, nikakutana na namba yangu ya kifuani ya zile mbio za barabarani za kilomita 10 nilizokuwa nikikimbia kila mwaka. Ile karatasi ngumu isiyochanika kwa jasho, ina matundu manne kwenye pembe, na kila tundu limezungukwa na alama ya kutu ya pini. Nilikaa nayo kitandani kwa muda.

Mbio zile hazipo tena. Hakuna aliyetutangazia kwamba zimekufa. Mwaka mmoja tuliambiwa zinapumzishwa, mwaka uliofuata kukawa kimya, na wa tatu hatukuuliza. Nadhani mbio nyingi za barabarani huishia hivyo: gharama za kufunga barabara na bima zinapanda, mfadhili anajitoa, na wale watu wanne watano waliobeba kazi yote wanazeeka bila mtu wa kuwapokea kijiti.

Ninachokumbuka kwanza ni kimya cha pale mwanzoni. Alfajiri, mamia ya watu tumebanana nyuma ya mstari wa chaki, wengi hatujuani hata kwa sura, na sekunde chache kabla ya mlio wa kuanzia ungeweza kumsikia mtu akikohoa safu ya mwisho kabisa. Nimekaa kwenye mikesha mingi ya maombi, lakini kimya cha namna ile nimekipata mara chache.

Kisha namkumbuka mama wa meza ya maji, kilomita ya saba, pale mlima unapoanza. Hakuwa akijaza vikombe. Alitia nusu, kwa sababu kikombe kilichojaa humwagika mkononi mwa mtu anayekimbia. Alikishika ukingoni kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha, na ukikigusa tu anakiachia ili usipunguze mwendo. Mimi nilikibana mdomo kikawa kama mrija, mafunda mawili, natupa, nimepita. Kila mwaka alikuwa pale. Sikuwahi kusimama.

Kuna jambo nililokuja kulijua baadaye sana, na limenigusa kuliko medali zote. Njia ya kilomita 10 iliyopimwa rasmi huwa ndefu kidogo kuliko kilomita 10. Mpimaji huipita yote kwa baiskeli yenye kihesabio gurudumuni, akifuata mkato mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuutumia kwenye kila kona. Akimaliza, anaongeza mita 1 kwa kila kilomita, jumla mita 10, ili hata kama kipimo kimekosea kidogo, njia isije ikaonekana fupi na muda wa mtu ukakataliwa. Yaani kila mwaka mapafu yangu yalipokuwa yanawaka karibu na utepe, nilikuwa juu ya mita 10 ambazo mtu nisiyemwona alizitia pale kwa ajili yangu. Nilipolisikia hilo nilifungua Luka 6:38, kile kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika. Nilikuwa nimelihubiri andiko hilo mara nyingi, na karibu kila mara nilizungumzia sadaka.

Mtume Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita. Karibu na mji huo kulikuwa na michezo ya Isthmia, iliyofanyika kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani ya msonobari. Majani! Ndiyo maana anawaandikia Wakorintho habari za taji iharibikayo, nao wanamwelewa bila kueleza zaidi. Michezo hiyo nayo ilikoma, karne nyingi zilizopita. Lakini tazama, Paulo hakuidharau kwa kuwa inapita. Aliitazama vizuri, mpaka akaweza kusema imani yake kwa lugha ya mkimbiaji, na hata alipokuwa anakaribia kuondoka duniani alisema mwendo ameumaliza. Kwa hiyo sioni aibu kuililia asubuhi moja ya mwaka ambayo haitarudi.

Kinachoniuma ni kingine. Miaka yote ile nilijiandikisha kukimbia, na hata mara moja sikujiandikisha kugawa maji. Sikuwahi kusimama kona na kibendera, wala kubaki kuokota vikombe nilivyotupa mwenyewe. Zilipokoma, nilinung'unika kwa uchungu kana kwamba nimenyang'anywa haki yangu. Siku hizi nikisoma Wagalatia 5:7, "Mlikuwa mkipiga mbio vizuri; ni nani aliyewazuia?", siwezi kusoma haraka.

Jumapili iliyopita nilifika kanisani mapema kuliko kawaida. Kijana mmoja alikuwa anapanga viti peke yake, kama anavyofanya kila juma, na mimi miaka yote nimekuwa nikifika vikiwa vimeshapangwa. Tulipanga pamoja bila maneno mengi. Nilimuuliza jina.

Tuombe.

Ee Bwana, nakushukuru kwa barabara ile na kwa kimya cha alfajiri ile. Umbariki aliyeongeza zile mita 10. Na yule mama wa kilomita ya saba, popote alipo leo, mpe kinywaji mkononi mwake kabla hajaomba. Jina lake sikuliuliza. Wewe unalijua.

Amina.